Fundi Sijui

Mgeni hakubisha hodi. Alisukuma geti kwa bega, akaingia uani na mnyororo mzito ukining'inia mkononi, akalizunguka lile gari la bluu lililokuwa limeegeshwa chini ya ukuta, akaligonga boneti kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kupatana bei. Nje ya geti lori lake lenye winchi lilikuwa likinguruma na kutapika moshi.

Mwalimu alikuwa dirishani akikata kadi za hesabu kwa mkasi. Alimwona mgeni akiinama kutafuta mahali pa kufunga mnyororo. Hakupoteza muda kuuliza yeye ni nani. Alishika mkongojo wake, akatoka kwa mwendo wake wa kupanda na kushuka, akafungua mlango wa gari, akaketi kwenye kiti cha dereva na kujifungia.

Mgeni aliinuka akajipangusa magoti. Alikuwa mtu mzima, ovaroli lake limeshiba grisi hata ungedhani likivuliwa lingesimama lenyewe. Aligonga kioo kwa kidole kimoja, kwa adabu ambayo hakuionyesha getini.

"Samahani, dada. Nimekuja kuchukua maiti."

"Maiti gani?"

"Hii uliyoikalia."

Ikawa kazi ya kueleza. Yeye alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kaka yake Mwalimu ndiye aliyempigia simu asubuhi ile, akamwambia kuna gari la otomatiki la kizamani, giaboksi imekwisha, aje alivute likakatwe. Walikwisha kukubaliana. Kilichobaki ni kufunga mnyororo tu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akateremsha kioo kiasi cha kupitisha sauti.

"Kaka amekuuzia gari, hajakuuzia mimi. Ukilivuta, unanivuta humu humu. Utaniweka kwenye mizani pamoja na vyuma vingine, halafu utawaeleza wenzako kwa nini vyuma vyako vinazungumza."

 Mnunuzi wa chuma akaenda kuzima lori lake, akarudi, akaketi kwenye ngazi ya nyumba na kutoa kitambaa kujifuta jasho. Alikuwa ameona mengi katika kazi yake, watu waliolia na waliotaka kupigwa picha na magari yao. Huyu wa kujifungia ndani alikuwa mgeni kwake.

Asingeweza kujua sababu. Mguu wa kushoto wa Mwalimu ulikataa kukua pamoja na mwenzake tangu alipougua utotoni, na kwa miaka mingi dunia yake iliishia pale watu wengine walipokuwa tayari kumfikisha. Baba yake, aliyekuwa dereva wa malori, ndiye aliyemnong'oneza kwamba yapo magari yasiyouliza habari za mguu wa kushoto, hayana klachi, mguu mmoja unatosha. Mzee alifariki kabla hajamwonyesha. Mwalimu alisoma, akafanya kazi, akajinyima, akalinunua hilo hilo moja, kuukuu, lililokwisha kupita mikononi mwa watu chungu nzima. Watoto wa mtaani waliliita gari la mguu mmoja. Walidhani wanamtania. Yeye alilipokea jina hilo kama taji.

Kwa gari hilo alipata kazi aliyoitaka, ya kuwafundisha watoto ambao maradhi yamewafungia nyumbani. Mtoto asiyeweza kwenda shule, shule ilimfuata, na shule yenyewe ilikuwa yeye. Kadi alizokuwa akikata zilikuwa za binti mmoja wa kilimani ambaye mifupa yake ilivunjika kama vijiti vikavu, hata kukohoa kulimtia woga. Kabla ya likizo binti yule alimwambia, bila lawama, kwamba walimu waliomtangulia nao waliahidi kurudi. Mwalimu akamwambia, "Jumatatu ya kufungua shule, mimi hapa." Binti akasema atasikiliza. Alilijua gari lile kwa mluzi wake, akilisikia tangu linapoanza kupanda.

Sasa gari lilikuwa limekata tamaa katikati ya likizo. Injini ilinguruma vizuri tu, lakini gari halikusogea, kama mtu anayepayuka huku ameketi.

"Wewe unajua kutengeneza giaboksi, mzee?" Mwalimu aliuliza kupitia ule ufa wa kioo.

"Mimi? Hata baiskeli siwezi. Mimi ni mzishi."

 Neno lile lilimkaa Mwalimu kichwani, akaligeuza huku na huku, na polepole likafungua mlango ambao hakuutarajia.

"Kwa hiyo magari yote yanayokufa mji huu yanaletwa kwako."

"Karibu yote."

"Hata yale yaliyotibiwa kwanza."

Mnunuzi wa chuma aliacha kujifuta jasho. Alielewa anakopelekwa, na uso wake ukachangamka kama wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza ameulizwa jambo analolijua. Akasema boksi iliyowahi kufunguliwa yeye huitambua kwa mbali, bolti zake zina makovu. Ile gereji kubwa yenye vioo, boksi zake humfikia zingali zinang'aa rangi. Kuna fundi wa njia panda waliyempa jina la Profesa. Za huyo amezipanga ukutani, zimekuwa mabenchi ya kukalia wageni.

"Na yupo ambaye zake hazijakufikia?"

Alifikiri. "Yupo mmoja kule nyuma ya kiwanda cha magodoro. Wanamwita Sijui. Boksi zake sijawahi kuzitia machoni."

"Hata moja?"

"Hata moja." Akakuna ndevu zake, uaminifu ukamzidi nguvu. "Au labda hana wateja."

Aliondoka na mnyororo wake bila gari. Walikuwa wamekubaliana kwamba akimaliza kazi zake nyingine atarudi kulivuta kulipeleka kwa fundi atakayechaguliwa, na mvuto huo atalipwa. Akiwa getini aligeuka. Akasema akirudi na kumkuta bado amejifungia, atamletea chai.

Kaka aliporudi jioni hakukana. Alisema alitaka kumwondolea mdogo wake mzigo. Gari la zamani halina mwisho, leo giaboksi, kesho injini, na kila siku yeye kazini moyo uko juu, asijue dada yake amekwama barabara gani, peke yake, na mguu ule. Na si kwamba amemwacha hivi hivi. Amemwombea kazi pale ofisini kwao, mapokezi, kazi ya kukaa, kivulini, kupokea simu tu.

"Maisha yangu yote watu wananitafutia kiti," Mwalimu alisema.

Kaka akajitia hamnazo. Lakini aliposikia habari za mafundi, na jinsi walivyopatikana, alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Yaani mji una mtu anaitwa Profesa, wewe unapeleka gari kwa mtu anaitwa Sijui?"

"Sijasema napeleka. Nimesema nitawaona wote, nichague."

"Utachagua kwa kipimo gani? Wewe na mimi nani anaijua giaboksi?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Mwalimu alilala nalo. Asubuhi alikuwa na jibu, ingawa hakumwambia. Hangewauliza mafundi wanajua nini, maana asingeweza kuwasahihisha. Angewauliza watafanya nini wakikuta wasichokijua.

Kaka akampeleka, shingo upande, kwa gari lake mwenyewe. Walianzia kwenye gereji ya vioo. Mapokezi palikuwa na viti laini na hodhi la samaki, na kijana mwenye tai aliyemwambia, hata kabla hajauliza ni gari gani, kwamba siku hizi boksi haitengenezwi, inabadilishwa yote. Mwalimu akauliza swali lake. Kijana alitabasamu kwa huruma akasema pale kwao hakuna kitu wasichokitarajia. Samaki walikuwa wakizunguka na kuzunguka nyuma ya kioo.

Kwa Profesa kulikuwa na kelele na uchangamfu. Profesa alikuwa mtu wa maneno matamu na mikono mipana, na maneno yote aliyaelekeza kwa Kaka. Mwambie dada asiwe na wasiwasi. Mwambie dada hii ni kazi ndogo. Mwalimu aliuliza swali lake mara mbili, na mara mbili jibu lilipita juu ya kichwa chake likamwangukia Kaka begani.

"Kesho jioni anaendesha," Profesa alisema. "Ukiona si hivyo, njoo unikate sikio."

Kaka alifurahi. Huyu ndiye fundi, alisema walipokuwa wakirudi kwenye gari, mtu anayejiamini. Mwalimu alikuwa akitazama benchi aliloketi mteja mmoja mlangoni, akifikiria mabenchi mengine yaliyoko uani kwa mnunuzi wa chuma.

Nyuma ya kiwanda cha magodoro walikuta mlango uliofungwa na, mbele yake, ndala zilizopangwa. Juu ya mlango palikuwa na maandishi ya mkono: VUA VIATU.

Kaka alisoma, akageuka pande zote kama anayetafuta msikiti. "Gereji gani hii ya kuvua viatu?" Akasema yeye atasubiri pale pale nje.

Mwalimu alisimama mbele ya maandishi yale kwa muda. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa na soli nene kama tofali, hiyo ndiyo iliyousawazisha mwili wake na kumwezesha kusimama mbele za watu bila kupinda. Hakuna mgeni aliyewahi kumwona bila kiatu kile. Alipiga moyo konde, akaketi kwenye kizingiti, akafungua kamba.

Ndani palikuwa safi kiasi cha kushangaza. Meza ndefu ilitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake vipande vya chuma vilipangwa kwa safu, vikubwa kwa vidogo, kila kimoja kimeoshwa. Hapakuwa na redio. Fundi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipoinua macho hakuonekana kufurahi kupata mteja.

"Vumbi," alisema badala ya salamu, akionyesha miguu yake mwenyewe isiyo na viatu. "Chembe moja ikiingia kwenye njia ya mafuta, kazi yote imekwenda bure. Ndiyo maana." Kisha akautazama mguu wa kushoto wa Mwalimu, waziwazi, bila kupepesa, kama alivyokuwa akitazama vipande vyake. "Huo unaukanyagia breki?"

"Hapana. Natumia huu mmoja kwa yote."

"Vizuri. Wapo wanaokanyaga breki kwa mguu mmoja na mafuta kwa mwingine, wakaunguza boksi. Hilo tumeliondoa."

Mwalimu alijikuta ameegemea mkongojo wake kwa raha asiyoizoea. Watu walikuwa wamewahi kuuonea mguu ule huruma, wameuombea, wamejifanya hawauoni. Hakuna aliyewahi kuuhesabu kuwa jambo zuri.

Maswali yakafuata, makavu, moja baada ya jingine. Gari lilipoanza kuchoka lilichelewa kushika au lilishika kwa kishindo? Likiwa baridi au likipata moto? Mafuta ya giaboksi yalikuwa na harufu gani? Wale wengine wawili hawakuwa wamemwuliza hata moja.

"Ukiteremka mlima, unafanyaje?"

"Naliacha lipumue."

Fundi akavua miwani. "Unaliacha nini?"

Mwalimu akaeleza. Lilikuwa neno la nyumbani kwao, la baba yake. Mlima ukianza kuteremka mzee alikuwa akitoa gia, lori likajiendea lenyewe kwa uzito wake, naye akisema, tuliache lipumue, maskini, limetubeba sana. Mwalimu na kaka yake walikua wakilisema. Alipopata gari lake, kila alipotoka kwa binti wa kilimani, alitoa gia kileleni na kuteremka kimya kimya hadi chini, akiliambia kwa sauti, pumua. Alidhani hakuna mwenye gari anayelipenda kuliko yeye.

Fundi alimsikiliza. Alichukua sahani moja nyembamba ya chuma kutoka mezani akaishika kwenye mwanga.

"Hizi kuukuu, mafuta ndani yake yanasukumwa na injini. Ukitoa gia kwenye mteremko, injini inasinzia, mafuta yanapungua, na huku magurudumu yanazungusha vyuma kwa kasi. Chini ya mlima unairudisha gia ghafla, sahani zinadakana zikiwa kavu." Akairudisha mahali pake. "Hukuliacha lipumue, dada. Ulikuwa unaliziba pua."

 Mwalimu alitaka kumtetea baba yake, kwamba alikuwa dereva hodari, kwamba lori ni lori. Alitaka kujitetea mwenyewe. Alichosema ni, "Litapona?"

"Sijui."

Nje ya dirisha, Kaka akakohoa kicheko.

"Utajua lini?"

"Nikifungua. Na nikifungua nikakuta nisichokijua, nitakuita nikwambie sijui. Wateja hawalipendi neno hilo, ndilo walilonibatiza." Alivaa miwani yake tena. "Nami nina sharti. Hutaniharakisha. Anayeharakishwa huanza kujua mambo asiyoyajua."

Kwa maneno hayo Mwalimu alikuwa mtoto tena, amelala kwenye kitanda kirefu, wazazi wake wamesimama pembeni. Waganga wa kila aina walipita mbele ya kitanda kile, na wote walijua. Atatembea kabla ya mvua. Atakimbia kabla hajaanza shule. Kila aliyejua aliondoka na kipande cha uso wa mama yake. Mpaka akaja muuguzi mmoja mfupi, mkali, aliyemwambia, mbele ya wote, "Sijui kama utatembea, lakini kila asubuhi nitakuja tujaribu." Na akaja, kila asubuhi. Mkongojo wa kwanza aliukata yeye mwenyewe kutoka kwenye mpini wa fagio.

"Sitakuharakisha," Mwalimu alisema. "Nakuahidi."

Alipotoka na kuanza kuvaa kiatu, Kaka alimwuliza, kwa upole sasa, kama ana hakika. Akajibu kwamba hana. Ndiyo maana amemchagua.

Mnunuzi wa chuma alikuja na lori lake, akaliinua gari kwa mbele ili magurudumu ya kuendeshea yasizunguke, jambo aliloagizwa na fundi kwa simu na kulitekeleza kwa makini ya kuchekesha. Walipofika alivua mabuti yake, akachungulia ndani, akamtazama fundi kuanzia utosini hadi kwenye nyayo.

"Nimefurahi kukuona," alimwambia. "Nilishaanza kudhani hupo."

Siku zilipita. Boksi ilishushwa, ikafunguliwa, na Mwalimu aliitwa kuja kuona. Sahani zilikuwa zimeungua, nyeusi tii, zikinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Fundi alizipanga kwenye kitambaa cheupe, na kwa heshima habari ya mlima hakuirudia. Vipuri vikatafutwa, vingine mji wa mbali. Mfuko wa Mwalimu ukakauka. Kila alipopita njia panda Profesa alimpungia mkono na kumwuliza kama yule bwana amekwisha kujua.

Ijumaa, kabla ya Jumatatu ile, simu ililia. Fundi alisema gari limefungwa na linatembea, aje.

Alikwenda mara moja. Gari la bluu lilikuwa nje, limeoshwa hata vioo. Mwalimu akashika usukani, fundi akaketi kando yake, akafumba macho kama msafiri mchovu. Mwalimu akaingiza gia, na gari likaondoka laini, bila mshtuko, kana kwamba barabara ndiyo iliyokuwa ikivutwa chini yao. Alikuwa amesahau. Mikono yake ilikuwa imesahau jinsi usukani unavyotetema kidogo kama kitu kilicho hai. Walipita mbele ya kiwanda cha magodoro, wakapita njia panda, na akapiga honi alipomwona Profesa, akajisikia kama amepanda farasi.

"Rudia," fundi alisema, macho bado yamefumba. "Toka kusimama."

Akarudia. Gari lilipobadili gia, ya pili kwenda ya tatu, fundi aliinua kidole kimoja.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Hata mimi sikusikia. Nimehisi tu. Inachelewa kushika kidogo."

"Kwa sababu gani?"

Fundi alifumbua macho. Hakumtazama, alitazama mbele, na kwa mara ya kwanza Mwalimu aliona kwamba neno lile halikuwa jepesi hata kwake.

"Sijui."

Wakaegesha kando ya ukuta. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Fundi akasema gari ni la Mwalimu, uamuzi ni wake. Litamfikisha Jumatatu, na Jumanne pia, huenda hata mwaka mzima. Au huenda siku moja likamwacha katikati ya mlima, sahani mpya zimeungua. Ili yeye fundi ajue, ni lazima aishushe boksi tena, aifungue tena yote, na hilo halitamalizika kabla ya katikati ya wiki. Kazi hiyo ya kufungua ni juu yake fundi, hatadai kitu. Alisema hayo kwa ukavu, kama anayesoma hali ya hewa.

Mwalimu alishika wenzo wa gia. Kitu kidogo kiasi hicho. Yeye ndiye mwenye gari na hakukihisi. Hakuna mteja duniani ambaye angekihisi. Mtu huyu angeweza kufumba mdomo wake, akapokea ujira wake na shukrani zake, na mji mzima ungesema Sijui kumbe anajua. Badala yake alikuwa amechagua kujirudisha chini ya gari, mgongo juu ya sakafu, bure, na kubaki na jina lake lile lile.

Akafikiria kilima. Akafikiria sikio la binti lililotegwa dirishani.

Kisha akazima injini.  Akachomoa ufunguo, akauweka katika kiganja cha fundi.

"Nilisema sitakuharakisha."

Jumapili jioni Kaka alisikia habari zote akasema alijua tu. Lakini akasema pia kwamba kesho ataomba ruhusa kazini kwake, atampeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa yule mtoto, na baada ya hapo wakae wazungumze vizuri ile habari ya mapokezi. Hii iwe mara ya mwisho ya kuhangaika. Aliyasema kwa mapenzi. Ugumu wake ulikuwa hapo.

"Iwapo lazima iwe ya mwisho," Mwalimu alisema, "basi usinipeleke."

Asubuhi alikuta Kaka amekwisha kuondoka. Mlangoni, kiatu chake chenye soli nene kilikuwa kimepakwa rangi na kung'arishwa, mpaka kwenye ile soli ambayo hakuna mtu anayeipaka, na kamba mpya zimepitishwa matunduni.  Akakivaa.

Basi lilimshusha chini ya kilima. Waendesha pikipiki walimwita, mmoja akamsogezea chombo chake hadi miguuni, na Mwalimu akamweleza kwamba nyonga yake haifunguki kiasi cha kupanda, wala haina nia mbaya naye. Wakacheka wote wawili. Kisha akaanza kupanda.

Hakuwahi kujua kwamba kilima kile ni kirefu hivyo. Kwa gari kilikuwa wimbo mmoja tu wa mluzi, sasa kila nyumba ilikuwa na ukuta wake, kila ukuta na mbwa wake, kila mbwa na maoni yake. Soli ilimtafuna kisigino. Mkongojo ulimchubua kiganja. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo alimwambia apumzike kidogo kivulini, ana kiti, na Mwalimu akamshukuru akasema akishuka. Jasho likamwingia machoni. Alipita pale ambapo kila mara alitoa gia na kuliambia gari lipumue, akasimama hapo, akapumua yeye, kwa sauti kubwa, bila aibu, kisha akaendelea.

Alichelewa. Mama wa binti alifungua mlango na kumwona alivyo, akampisha.

Binti alikuwa kitandani karibu na dirisha, uso ameugeuzia ukutani.

"Sikusikia gari," alisema bila kugeuka.

"Halijaja. Nimekuja mimi."

Binti akageuka polepole, kwa ule uangalifu wake wa mtu anayebeba mayai. Aliona vumbi kwenye kile kiatu kilichong'arishwa, akaona kiganja kilichochubuka. Mwalimu alijishusha kwenye sakafu, akafungua kamba mpya, akavua kiatu kile mbele ya mwanafunzi wake, akakiweka kando. Kisha akatoa kadi za hesabu mfukoni. Zilikuwa zimelowa jasho pembeni.

"Liko wapi?"

"Kwa fundi."

"Litapona?"

 Mtoto huyu aliwahi kuambiwa mambo mengi na watu wengi waliosimama pale pale, wote wakiwa na hakika. Mama mtu alikuwa mlangoni, akimwomba Mwalimu kwa macho aseme ndiyo.

"Sijui," Mwalimu alisema. "Analifungua tena."

 Binti akaweka mkono mmoja kwenye godoro, akajisogeza kuelekea ukutani, kidogo kidogo, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mwingine kukaa.